Je, kuna kinachovuta hidrojeni kule Titan?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nimekutana na habari kwamba wanasayansi walishapata dalili za uhai kwenye Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, kwa sababu kuna hidrojeni inayotoweka ikifika ardhini na hakuna anayejua inakokwenda. Habari nyingine ikasema huko baridi ni nyuzi 179 chini ya sifuri. Sasa najiuliza, kiumbe gani ataishi hapo? Na hicho chombo kinachosemwa kitapelekwa huko, kitatumalizia ubishi?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Nikupe jibu fupi kwanza, usije ukasoma mpaka chini ukidhani nakuzungusha: hapana, hakuna uhai uliogunduliwa Titan. Kilichopo ni hesabu ya gesi ambayo haifungi. Ila hesabu yenyewe si ya kupuuzwa, maana miaka mitano kabla haijajulikana kuwa haifungi, watafiti wawili walikuwa wameshaandika kwamba kama kuna viumbe kule, basi hapohapo ndipo mahesabu yatakapogoma. Ndiyo maana habari hii haizikwi. Kila baada ya muda inafufuliwa na kichwa cha habari kikubwa kuliko kilichomo ndani.

Tuanze na mahali penyewe. Titan iligunduliwa mwaka 1655 na Mholanzi Christiaan Huygens. Kipenyo chake ni kilomita 5,150, kwa hiyo ni kubwa kuliko sayari ya Zebaki, na ndio mwezi pekee katika mfumo wetu wa jua wenye angahewa nzito. Angahewa hiyo kwa sehemu kubwa ni nitrojeni, kama hii tunayovuta sisi, ikichanganyika na asilimia chache za methani. Kanieneo ya hewa pale ardhini ni karibu mara moja na nusu ya ile ya usawa wa bahari hapa duniani. Mtu akisimama Titan hatahitaji suti iliyojazwa hewa kama wanazovaa wanaanga. Shida yake itakuwa baridi na kukosa oksijeni. Na giza pia: mwanga wa jua unaofika Zohali ni kama asilimia 1 ya huu wetu, halafu ukungu wa rangi ya chungwa unaofunika Titan nzima unachuja sehemu kubwa ya huo mdogo uliofika.

Kwa baridi hiyo, maji ni mwamba. Milima ya Titan ni barafu, kokoto zake ni barafu. Kazi ya maji imechukuliwa na methani, gesi ambayo huko inageuka kuwa kimiminika. Inanyesha, inachimba mabonde, inakusanyika kwenye maziwa na bahari, nyingi zikiwa karibu na ncha ya kaskazini. Bahari kubwa kuliko zote, Kraken Mare, ina eneo la kilomita za mraba kama 400,000. Ligeia Mare, inayoifuatia, ilipimwa kwa rada ya Cassini, chombo kilichokuwa kikiizunguka Zohali, mwaka 2013, ikaonekana ina kina cha mita 160 hivi. Rada iliweza kufika chini kwa sababu kimiminika chenyewe, ambacho kwa wingi ni methani, hakiyazuii sana mawimbi yake.

Tulipata kuugusa unyevu huo kwa mkono wa mashine tarehe 14 Januari 2005. Siku hiyo chombo kidogo kilichopewa jina la Huygens, cha Shirika la Anga la Ulaya, kilishuka kwa miavuli kwa karibu saa mbili na nusu, kikatua kwenye uwanda uliotapakaa vipande vya barafu. Kingo za vipande hivyo zilikuwa zimelainika, alama ya kitu kilichobingirishwa na kimiminika kinachotiririka. Chini ya chombo kulikuwa na fimbo fupi iliyotangulia kugusa ardhi: ikakutana na kitu kigumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha ikazama kwenye kitu laini. Muda si muda kifaa cha kupimia gesi kikaonyesha methani inapanda ghafla. Chombo kilikuwa na joto kuliko mazingira yake, na joto hilo lilikuwa linaukausha udongo pale kilipokaa. Kwa zaidi ya saa moja kikaendelea kutuma data, hadi Cassini iliyokuwa ikizipokea ilipozama chini ya upeo. Mpaka leo, mahali hapo ndipo mbali kuliko pote ambapo mwanadamu ametua chombo.

Sasa tuje kwenye hidrojeni yako. Juu kabisa kwenye angahewa ya Titan, miali ya urujuanimno ya jua inazipasua molekuli za methani. Vipande vinaungana upya na kuwa ethani, asetilini na vitu vingine vizito zaidi, ambavyo ndivyo vinavyotengeneza ule ukungu wa chungwa. Katika kupasuka na kuungana huko hidrojeni inabaki imeachwa. Vile vizito vinashuka taratibu hadi ardhini. Hidrojeni ni nyepesi: nyingine inatorokea angani moja kwa moja, nyingine inateremka.

Chris McKay wa NASA na Heather Smith waliitazama hali hiyo mwaka 2005 wakauliza swali la tumbo: kuna cha kula hapo? Duniani, wewe na mimi tunaishi kwa kuunganisha chakula na oksijeni tuliyoivuta. Titan haina oksijeni ya kuvuta, ila ina hidrojeni hewani na asetilini inayodondoka kutoka juu, na viwili hivyo vikiungana vinatoa nishati pia. Molekuli moja ya asetilini na tatu za hidrojeni zinakuwa methani mbili, na kwa kila moli ya asetilini (moli ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli) zinapatikana kama kilojuli 334. Si haba. Hapa kwetu duniani kuna vijidudu kwenye matope ya mabwawa na matumboni mwa ng'ombe wanaoishi kwa kuunganisha hidrojeni na kaboni dioksidi ili kutoa methani, na wanachopata kwa kila moli ya methani ni pungufu ya hicho. McKay na Smith wakahitimisha hivi: iwapo viumbe wa namna hiyo wameenea Titan, basi hidrojeni itakuwa imepungua karibu na ardhi, na asetilini nayo itakuwa adimu.

Ndipo ikaja 2010. Darrell Strobel wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins akachapisha hesabu iliyotokana na vipimo vya Cassini. Kwa mujibu wake, hidrojeni inateremka kuelekea ardhini kwa kasi inayokaribiana na ile inayotorokea angani, na bado hakuna dalili kwamba inajilimbikiza chini. Isipojilimbikiza, maana yake kuna inapoishia. Mwaka huohuo timu ya Roger Clark ikaisaka asetilini ardhini kwa kifaa cha Cassini kinachosoma mwanga wa infraredi, isiione ilipotarajiwa kuwepo. Mambo mawili yalitabiriwa, na yote mawili yakaonekana kama yametimia. Vyumba vya habari duniani kote vilifanya kilichotarajiwa.

Tusidanganyane lakini. Hakuna aliyeiona hidrojeni ikitoweka. Strobel alikuwa na vipimo vya kiasi cha hidrojeni kwenye tabaka tofauti za angahewa, akaviweka kwenye modeli ya namna gesi zinavyosafiri, na modeli ndiyo iliyosema kuna mtiririko wa kwenda chini. Ukigusa kipimo kimoja au dhana moja, mtiririko nao unabadilika. McKay mwenyewe, mwenye wazo lake, alipanga maelezo yanayowezekana kuanzia lenye uwezekano mkubwa hadi dogo. La kwanza: hesabu ya mtiririko ina kasoro. La pili: kuna njia ya kawaida ya kifizikia inayoihamisha hidrojeni ambayo hatujaielewa. La tatu: kuna kichocheo fulani kisicho hai pale ardhini kinachoiunganisha hidrojeni na asetilini, jambo ambalo kwa baridi ile lingekuwa ugunduzi mkubwa kivyake. La nne, la mwisho kabisa, ndio uhai. Mtu akikuletea la nne bila kukutajia matatu yaliyotangulia, amekuuzia nusu ya habari.

Asetilini nayo imepoteza nguvu kama ushahidi. Inaweza kufunikwa na vitu vingine, inaweza kubadilishwa na miale ya kutoka anga za mbali kabla haijafika chini, na mwaka 2016 watafiti wengine walichapisha dalili kwamba ardhini ipo. Kisha kuna suala la kaboni. Viumbe vya duniani hupendelea kaboni-12 kuliko kaboni-13 iliyo nzito kidogo, na upendeleo huo unabaki umeandikwa kwenye gesi wanayoitoa. Huygens ilipima uwiano huo kwenye methani ya Titan na haikukuta alama tuliyozoea kuihusisha na vijidudu. Hoja hii siipi uzito wa mwisho, maana hatujui kiumbe wa kule angependelea nini, lakini ingekuwepo ningeitaja kwa furaha, kwa hiyo ni haki niitaje ilivyokosekana.

Nikiulizwa maoni yangu: hesabu isiyofunga inatuambia kuna kitu hatujui. Haituambii kitu hicho ni nini, sembuse kama kinapumua.

Kuhusu baridi ndiko nitakokaa kidogo, kwa sababu wengi huona baridi inaua, kumbe tatizo lake ni jingine. Vijidudu wa duniani wanaivumilia vizuri kuliko tunavyodhani. Kuna bakteria aitwaye Planococcus halocryophilus, aliyepatikana kwenye udongo ulioganda wa kaskazini mwa Kanada, anayekua na kugawanyika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na mwili wake unaendelea na shughuli hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Lakini hata yeye anategemea vijinyuzi vya maji ya chumvi ambayo hayajaganda. Kutoka hapo hadi 179 chini ya sifuri, maji hayapo tena kwenye mazungumzo.

Baridi kali inachofanya ni kuchelewesha. Kila mmenyuko wa kikemia una kizingiti cha nishati cha kuvuka kabla molekuli hazijabadilika, na joto ndilo linalozisukuma zivuke. Tufanye hesabu pamoja. Chukua mmenyuko wenye kizingiti cha kilojuli 50 kwa moli, kiwango cha kawaida tu kwenye kemia ya miili yetu. Tuseme kwenye joto la nyuzi 27 unachukua sekunde moja. Uhamishie Titan bila kubadilisha kitu kingine chochote: utachukua zaidi ya miaka bilioni 300. Ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8. Kwa kipimo hicho Titan ni stoo, hakuna kinachotokea humo.

Sasa punguza kizingiti kiwe kilojuli 15. Sekunde moja ya huku inakuwa siku sita za huko. Hapo mambo yamebadilika kabisa! Kiumbe ambaye kila hatua ya uhai wake inachukua siku sita badala ya sekunde ni mvivu kupita kiasi, ila amekaa ndani ya mipaka ya yanayowezekana, na muda anao wa kutosha. Kwa hiyo swali la baridi linageuka kuwa hili: je, inawezekana kujenga uhai kwa kutumia vifungo dhaifu tu, vya aina ile inayozishikanisha nyuzi mbili za DNA, vifungo ambavyo kwenye joto letu vinakatika vyenyewe lakini kwenye baridi ya Titan vinakaa imara? Kimsingi sioni sheria ya fizikia inayokataza. Na ingekuwa hivyo, sisi kwao tungekuwa viumbe wa tanuruni.

Kinachonikatisha tamaa zaidi ya baridi ni methani yenyewe. Tia chumvi kwenye mafuta ya kupikia, koroga utakavyo, chumvi itatua chini vilevile. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo, na kwa sababu hiyo inaweza kuzikamata chumvi, sukari na asidi amino, ikazitenganisha na kuzizungusha mpaka zikutane na nyingine. Methani haina pande. Inayeyusha vitu vidogo vinavyofanana nayo, na kwa baridi ile hata hivyo ni kwa kiasi kidogo. DNA yetu, yenye uti uliojaa chaji hasi, ingekaa humo kama punje isiyoyeyuka. Protini vilevile.

Na hili si la nadharia tu. Watu wamejaribu kutafuta molekuli ndefu ya kubeba taarifa za urithi ambayo ingeweza kuyeyuka kwenye vimiminika vya aina hiyo. Mwaka 2015 kundi moja la wanakemia lilipima maabara molekuli za aina ya polietha, zilizoonekana zina matumaini, likakuta kwamba kadiri baridi inavyozidi zinaacha kuyeyuka, na zinaacha mapema kabla ya kufika joto la Titan. Wakasema wazo lao lingefaa kwenye mwezi unaofanana na Titan lakini wenye joto zaidi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ubishi wote ulipo. Chakula kipo, nishati ipo, muda upo. Kisichojulikana ni kitabu cha urithi kingeandikwa kwa nini, maana bila taarifa inayonakiliwa kutoka kizazi hadi kizazi, na kunakiliwa kukiwa na makosa madogo madogo, huna uhai. Una kemia tu, hata iwe ya kuvutia namna gani.

Utando wa seli ulipata kelele nyingi zaidi kuliko suala la urithi, sijui kwa nini, labda kwa sababu unachoreka vizuri. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwa kompyuta kwamba molekuli za akrilonitrili zingeweza kujipanga kuwa kiputo imara ndani ya methani, kinachonyumbulika kama tando zetu za mafuta. Wakakiita azotosomu. Miaka miwili baadaye darubini za redio za ALMA nchini Chile zikathibitisha kwamba akrilonitrili ipo kwenye angahewa ya Titan. Shangwe tena. Halafu mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers cha Sweden wakapiga hesabu kwa undani zaidi: kiputo kikishaundwa kinaweza kudumu, ila molekuli hizo zikiachwa zenyewe zingependelea kuganda kuwa fuwele. Yaani hazitajenga utando wowote. Sehemu hiyo ya pili ya hadithi haikusafiri mbali kama ya kwanza.

Usidhani kwamba Titan ni ardhi na maziwa tu. Vipimo vya Cassini vya namna mwezi huo unavyobonyezwa na kuachiwa na mvutano wa Zohali, vilivyochapishwa 2012, vilionyesha unanepa kuliko ungeweza kama ungekuwa mgumu hadi ndani. Maelezo yaliyokubaliwa yakawa kwamba chini ya gamba la barafu kuna bahari ya maji. Mwishoni mwa 2025 data zilezile zilichambuliwa upya na timu nyingine, ikadai kwamba huko chini hakuna bahari iliyo wazi bali barafu nzito yenye rojorojo na mifuko ya maji hapa na pale. Ubishi huo ndio kwanza umeanza. Hata ikiwa bahari ipo, vyakula vimekaa juu na maji yako chini, na katikati kuna makumi ya kilomita za barafu. Catherine Neish na wenzake walikadiria mwaka 2024 ni kiasi gani cha malighafi kinaweza kushushwa na vimondo vinavyogonga na kuyeyusha barafu ya juu. Kwa glisini, asidi amino iliyo nyepesi kuliko zote, walipata kilo zisizozidi 7,500 kwa mwaka kwa bahari nzima. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakauliza vijidudu wanaochachusha glisini wangeweza kuwa wangapi kwa posho ndogo hivyo. Jibu: uzito wa wote kwa pamoja ungekuwa kilo chache, chini ya seli moja kwa kila lita ya maji. Ukichota ndoo nzima unaweza usipate kitu.

Kama ungenilazimisha kuweka dau langu kwenye mwezi mmoja, nisingeliweka Titan. Ningeliweka kwa jirani yake, Enceladus, kamwezi ka kilomita 504 tu kanakoizunguka Zohali hiyohiyo. Uso wake una baridi kuliko wa Titan, lakini ncha yake ya kusini ina nyufa zinazorusha maji ya bahari ya ndani moja kwa moja angani, na Cassini ilipita katikati ya mvuke huo mara kadhaa. Ilikuta chumvi, molekuli za kaboni, na hidrojeni iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa huenda inatokana na maji ya moto yanayokutana na miamba chini ya bahari. Mwaka 2023 ikathibitishwa kuwa na fosfati pia. Kule uhai ungekuwa wa aina tunayoielewa: maji, chumvi, hidrojeni, giza. Vijidudu wetu wa matope wangepaona pazuri.

Lakini dau na thamani ni vitu viwili. Tukikuta kijidudu Enceladus, au Mirihi, ambaye ameumbwa kwa DNA na protini kama zetu, swali la kwanza litakuwa kama si ndugu yetu aliyesafirishwa ndani ya jiwe. Mirihi na Dunia zimekuwa zikirushiana mawe kwa mabilioni ya miaka; vimondo vya Mirihi tunavyo kwenye makumbusho. Kiumbe wa methani hana ubishi huo. Hakuna chochote cha duniani kinachoweza kuishi Ligeia Mare, na hakuna chochote cha Ligeia Mare kinachoweza kufika hapa kikiwa hai. Akipatikana hata mmoja, basi uhai ulianza mara mbili, kila mmoja kivyake, kwa kemia mbili zisizohusiana, kuzunguka jua moja. Ikiwa umetokea mara mbili katika mtaa mmoja, ni vigumu kudai haujatokea kwingine. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuifuatilia Titan, huku nikiamini kwamba uwezekano ni mdogo.

Sasa chombo. Kinaitwa Dragonfly, ni cha NASA, kimepangwa kurushwa Julai 2028 na kufika mwaka 2034. Ni helikopta yenye rotari nane inayotumia umeme wa nyuklia, na kama unashangaa helikopta itaruka vipi huko, hewa ya Titan ni nzito mara nne ya yetu na mvutano wake ni sehemu ya saba tu ya wetu; kuruka pale ni rahisi kuliko hapa. Itatua kwenye matuta ya mchanga karibu na ikweta, mchanga uliotokana na ule ukungu ulioshuka, kisha itakwenda kwa mruko baada ya mruko kuelekea kasoko ya Selk, yenye upana wa kilomita 80 hivi. Pale kimondo kilipogonga, barafu iliyeyuka, na maji yakachanganyika na kemikali za ardhini kwa muda mrefu kabla ya kuganda tena. Dragonfly itachimba vumbi kidogo, ilipime molekuli kwa molekuli.

Nitakuwa natazama vitu viwili. Asidi amino nyingi zina maumbo mawili, la mkono wa kushoto na la mkono wa kulia. Kemia isiyo hai kwa kawaida hutoa yote mawili kwa kiasi kinacholingana, ilhali uhai wa duniani umechagua moja. Dragonfly ina uwezo wa kuyatofautisha. Cha pili ni mpangilio wa urefu wa minyororo ya kaboni: kemia ya kubahatisha hutoa minyororo ya kila urefu, mirefu ikipungua taratibu, lakini viumbe hurudiarudia urefu fulani na kuruka mwingine, kwa sababu wanajenga kwa vipande vya kipimo kimoja. Kimoja kati ya hivyo kikitokea, nitakaa chini. Vyote viwili, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Ila mbivu na mbichi za hidrojeni hatutazijua mwaka huo. Dragonfly inakwenda kutafuta kemia iliyotangulia uhai, mahali palipowahi kuwa na maji. Maziwa ya methani yako kaskazini, na 2034 itakuwa majira ya baridi huko, ncha ya kaskazini ikiwa gizani na Dunia ikiwa chini ya upeo wake, hivyo chombo kilicho huko kisingeweza hata kuongea nasi moja kwa moja. Kulikuwa na mradi wa kupeleka chombo cha kuelea juu ya Ligeia Mare, Titan Mare Explorer, uliofika hatua ya mwisho ya mchujo wa NASA. Mwaka 2012 ikachaguliwa InSight ya Mirihi badala yake. Jua litaanza kurudi kwenye bahari hizo karibu na mwaka 2039, na hadi sasa hakuna mradi uliopitishwa wa kwenda kuzielea.